Sauti ya Tumaini Niliyoifuta

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu najua mtakachosema. Pombe siigusi, na siku ile nilikuwa nimeshiba ugali na maharage, akili zangu timamu. Cheka ukitaka. Kama ningekuwa natunga, si ningetunga kisa ambamo mimi si mjinga?

Nina studio ya kurekodi hapa Tunduma, jirani na barabara ya malori. Kwaya za Momba, Mbozi hadi Ileje zinakuja kwangu. Kazi zote zilikaa kwenye kompyuta moja, na mfumo wake nilikuwa najivunia sana. Ukibadilisha faili, huandiki juu ya lile la zamani, unaandika pembeni, la zamani linabaki. Kila saa unapiga snapshot, yaani taswira ya diski nzima ilivyo wakati ule. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, unarudi nyuma unakichukua. Raha tupu! Ila taswira hizo zinakaa ndani ya diski ileile, na ikifa, zinakufa zote. Kwa hiyo kila Jumamosi unatakiwa uzitume kwenye diski ya nje, uichomoe, uipeleke nyumbani. Nilijua. Hata wenzangu nilikuwa nawafundisha, mdomo huo!

Basi wakaja madereva. Foleni ya mpakani inaweza kukuweka siku tatu, na mtu anayelala ndani ya lori anataka muvi. Nikaifuta diski ya nje, nikaijaza muvi za kuwauzia. Dereva mmoja Mzambia akaniambia "natotela", yaani ahsante, nami nikacheka. Nikajiambia, taswira si zipo ndani? Wiki ya pili yake diski ya ndani ikaanza kugonga, tak, tak, ikanyamaza. Nikaipeleka Mbeya kwa mafundi, wakashindwa.

Humo ndimo ilimokuwa sauti ya Tumaini. Alikuwa binti wa kijijini Isansa, mwimbaji wa kwaya. Alirekodi kwangu wimbo mmoja tu akiwa peke yake, kisha akaugua, akafariki kabla haujatoka. Mama yake akanipigia simu.

"Fundi, mwaka unatimia. Tunaweka msalaba kaburini. Nataka tumsikie mwanangu."

"Ipo mama, usiwe na shaka. Naisafisha kidogo."

Alipiga mara tatu, na mara zote tatu nikamwambia naisafisha. Naona aibu hata kuandika.

Watu husema mambo haya huja usiku. Mimi yalinijia saa tisa mchana, jua linawaka, bodaboda zinapiga honi nje. Niliinua kichwa toka mezani nikaona msichana amesimama chumba cha kurekodia, upande wa pili wa kioo, na sare ya kwaya, hedifoni kichwani. Mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwangu. Akanionyesha dole gumba, kama wafanyavyo waimbaji wakiwa tayari. Alikuwa Tumaini. Haki ya Mungu, alikuwa yeye!

Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukafungua maiki. Akaanza kuimba. Mdomo ulifunguka, mishipa ya shingo ikasimama, akafumba macho pale wimbo unapopanda. Wimbo ule naujua, nilimfuata neno kwa neno. Lakini sauti haikutoka. Akaacha, akaigusa midomo yake kwa vidole, akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alinitazama kama anayemuuliza fundi kasoro iko wapi.

Nikapiga magoti. "Nisamehe dada, ni mimi." Nilipoinuka, chumba kilikuwa kitupu na hedifoni ziko sakafuni.

Kesho yake nikapanda gari hadi Mlowo, kisha bodaboda hadi Isansa. Mama nilimkuta anageuza kahawa aliyoianika kwenye kichanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umeniletea?"

Nikamweleza yote, hadi muvi za madereva, hadi uongo wa kwenye simu, hadi niliyemwona. Nilitegemea anipige. Mikono yake ilibaki kwenye kahawa.

"Ilikufa lini hiyo mashine?"

Nikamtajia mwezi.

"Kumbe," akasema. "Tangu mwezi huo ananijia ndotoni. Anafungua mdomo, hasemi kitu. Nikajua amenikasirikia, kwa sababu nilichelewa kumpeleka hospitali." Akajifuta macho kwa kitenge. "Kumbe siyo mimi. Ahsante, baba, kwa kusema."

Akaniambia ahsante! Mimi! Msalaba ulipowekwa nilikwenda, na kwaya ilipofika kwenye ubeti aliokuwa akiuimba Tumaini wakanyamaza wote mpaka muda wake ukaisha. Mpaka leo nikiwa narekodi siwezi kutazama kwenye kioo kile, nakaa ubavu.

Wewe una sauti ya mtu wako kwenye simu au kompyuta. Itolee nakala leo, iweke nyumba nyingine, kisha uifungue uisikilize. Na kama umeshapoteza cha mwenzio, usikae kimya kama mimi. Nenda ukamwambie leo hii, maana huenda yuko nyumbani kwake, anajilaumu kwa kosa lako.