Kengele Iliyoamka Saa Saba

Niliporudi Kasulu na diploma ya elektroniki, niliyojisomesha mwenyewe kwa kutengeneza redio za watu Dar, niliikuta shule yetu ya Heru Juu bado inaendeshwa na rimu la lori. Shangazi yangu, mpishi wa uji pale, ndiye aliyeligonga kwa nondo, akipima saa kwa kivuli cha jiko. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo.

Nikaunda kengele ya chipu ya kompyuta. Mbele ya wazazi niliapa kwamba italia yenyewe kila baada ya dakika arobaini.

"Ikifaulu Jumatatu, rimu tunalishusha," akasema mwalimu mkuu. "Ikishindwa, fundi, usituletee tena maneno ya Dar."

Jumatatu saa mbili kamili niliiwasha. Kuijaribu kwanza? Hiyo ni kazi ya wenye cheti. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba hakuna kutoka darasani mpaka ilie.

Saa tatu, kimya. Saa nne, wakati wa uji, kimya. Shangazi akalichungulia sanduku la kengele yangu.

"Baba, hii imelala?"

"Inahesabu, shangazi."

"Basi inahesabu kama wewe ulipokuwa darasa la pili."

Saa sita mwalimu wa darasa la kwanza alitoa kichwa dirishani: "Fundi! Nyimbo zimeniishia, sasa tunaimba za harusi!"

Ililia saa saba na dakika ishirini. Watoto walitimka kuufuata uji ulioganda kama ugali. Shangazi akaninyanyulia mwiko: "Mwakeye!" Hiyo ndiyo salamu yetu Waha ya asubuhi. Walimu wote wakanisalimia hivyo hivyo.

Nikapiga hesabu: kila dakika ilikuwa imerefuka mara nane. Chipu ina saa yake ya ndani inayoisukuma, na hutoka kiwandani mwendo huo umegawanywa kwa nane. Ukiutaka wote, lazima uiamuru. Programu yangu ilidhani imepanda pikipiki, kumbe imepanda kinyonga. Nilisahau mstari mmoja tu, huo wa kuiamuru. Asiye na diploma angesahau mitano.

Niliuandika, nikaomba nafasi ya pili. Mwalimu mkuu akakubali, ila rimu libaki, na shangazi awe mwamuzi. Kengele sasa inalia vizuri, ingawa baridi ya huku huiyumbisha kidogo saa ile ya ndani. Kwa hiyo kila Jumatatu shangazi hutazama kivuli, hugonga rimu, nami nabonyeza kitufe cha kuianzisha upya papo hapo.

Wageni nawaambia kengele yangu hurekebishwa na saa ya nje. Si uongo. Jiko la shangazi liko nje.