Ungo wa Mama na Moyo wa Dunia

Mama yangu anaanika mtama juu ya mwamba nyuma ya nyumba, hapa Unyambwa, na anaupura papo hapo, kama wanawake wote wa mtaa wetu. Ndiyo maana mtama wetu haukosi mawe. Mwaka jana macho yake yalianza kufifia, na siku moja mume wangu akauma jiwe kwenye ugali, mama akiwa amekaa mlangoni. Alimeza kimyakimya, lakini mlio wa jino tuliusikia wote. Mama aliinuka akaingia ndani, na hakutoka mpaka mkwe wake alipoondoka.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimnyang'anya ungo.

"Basi, mama. Kuanzia leo napepeta mwenyewe."

Hakubisha, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi iliyofuata nikakaa mwambani na ungo wangu. Nafundisha jiografia sekondari. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba dunia inazunguka, na kwa kuzunguka huko imevimba kiunoni, kwenye ikweta, ambako sisi wa Singida hatuko mbali nako. Nikajiona fundi. Nikauzungusha ungo kwa nguvu, nikitegemea mawe yatupwe pembeni. Mtama ukamwagika, kuku wakala wakashiba.

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Lete. Wewe unaukimbiza. Mtama haukimbizwi."

Akauzungusha polepole, akiuinamisha kidogo. Makapi yakapanda yakajikusanya katikati, mawe yakazama chini. Nikakumbuka somo langu. Hata dunia, ilipokuwa ya moto na laini, ilijichambua: chuma kikazama kwa uzito wake mpaka moyoni, vyepesi vikapanda juu vikaganda. Sehemu ya chuma hicho bado ni uji, na mzunguko wa dunia unausokota mpaka leo. Dira inaelekea kaskazini kwa sababu ya uji huo. Na huu mwamba tulioukalia, unaowavunjia nyundo wapasua kokoto, ni makapi tu yaliyopanda. Niliogopa, na woga wenyewe ulikuwa mtamu. Tulikuwa tunakwenda zaidi ya kilomita elfu moja na mia sita kwa saa, mimi, mama na kuku, wala hakuna punje iliyoruka kwa ajili hiyo.

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku mikono yake inazunguka, kisha akausimamisha ungo.

"Kuna jiwe."

Nikainama nikatazama. "Mbona silioni, mama?"

"Hata mimi silioni. Nalisikia linakwaruza. Siku ile niliamini macho."

Akapitisha kidole chini ya mtama, akatoa kijiwe cheupe, kidogo kuliko punje, akakiweka kiganjani mwangu. Sikuuomba ungo tena. Alipomaliza alijipangusa vumbi, akauinua mtama wake mwenyewe.

"Mwambie mkwe wangu aje kula," akasema.