Jina la Baba Mkwe

Mimi subira sikujaliwa, na Recheli alinimalizia hata ile kidogo niliyokuwa nayo. Tulikaa dawati moja kwenye kozi fupi ya utoaji dawa, katika chuo kimoja hapa Tabora mjini. Mimi Shamila, mtoto wa Kanyenye, namuuzia mjomba dawa dukani kwake. Yeye mkulima wa kijiji cha Puge, Mmoraviani, mkono mwepesi, maneno machache. Kwao duka la dawa lilikuwa limefungwa na wakaguzi kwa sababu muuzaji hakuwa na leseni. Wanakijiji wakamchagua Recheli akasome, afanye mtihani, arudi nayo. Akifeli, kufuli linabaki mlangoni, na mwenye homa anapandishwa pikipiki hadi Nzega.

Kusoma alisoma. Balaa lilianza siku ya mazoezi ya mezani.

Mtu anayeigiza mgonjwa anakaa mbele yako. Unapokea cheti chake cha dawa, unasoma jina lake lote kwa sauti, anaitika, ndipo unampa dawa. Mwalimu wetu, Alois, hakuwa na masihara na jambo hilo. "Dirishani wamejaa watu, wote wanakohoa," alisema. "Usipomtaja mwenye dawa, utampa mwingine. Ukiruka jina, meza nzima sifuri, na leseni huipati."

Recheli akapewa cheti cha Emilian Silasi. Akakitazama weee, kisha akasema, "Baba, karibu dawa."

"Jina," Alois akasema.

"Karibu, mzee wangu."

"Sifuri. Anayefuata!"

Nilimfuata nje nimechemka. "Wewe una nini? Umelogwa?"

Akaniambia kwamba Emilian ni jina la baba mkwe wake. Nyumbani kwao mkamwana hamtaji mkwe, awepo asiwepo. Jirani yao mmoja alimtaja wa kwake kwa hasira kisimani, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshapelekwa kwao na sanduku lake. "Na huyu wangu ndiye aliyeuza ng'ombe nije kusoma, Shamila. Leo nimvue nguo mbele za watu?"

"Mzee yuko Puge na kuku wake. Atasikia wapi?"

"Nitasikia mimi."

Hilo ndilo liliniudhi zaidi.

Alimwendea Alois, akamsihi alitoe jina lile. Alois akamjibu kwamba mtihani hautungi yeye, vyeti vinaletwa na wasimamizi, na majina ni yaleyale kila mwaka. Tangu siku hiyo Recheli alikuwa anakula kama ndege. Jioni nilimsomea majina, naye aliyarudia yote vizuri. Tukifika kwa Emilian, anafunga mdomo. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikambembeleza tena. Wapi!

Siku ya mtihani ukumbi uligawanywa kwa mapazia. Mimi nilikuwa meza ya kuhesabu vidonge. Nyuma ya pazia langu nikasikia sauti ya Recheli.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Karatasi ikachakarika. Jina halikusomwa. Nikajua. Ya Rabi, kati ya vyeti vyote!

"Endelea," msimamizi wake akasema.

"Baba, naomba unitajie jina lako."

Wagonjwa wale walikatazwa kusema jina kabla ya kutajwa.

"Soma jina, mtahiniwa. Muda unakwenda."

Nikapoteza hesabu ya vidonge. Nikaanza upya, nikapoteza tena. Msimamizi wangu alinikata jicho, sikujali. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa Recheli iligeuka hofu, nikatamani nipayuke jina lile kwa niaba yake. Kiti kikaburuzwa upande wa pili. Nikasema basi, anaondoka, duka la Puge limekwisha.

Kumbe alikuwa amepiga magoti, niliyaona chini ya pazia. "Baba, unisamehe," nilimsikia akinong'ona. Halafu sauti ikamtoka, ukumbi mzima ukaisikia: "Emilian Silasi!"

"Naam," mgonjwa akaitika, kwa mshangao.

Majibu yalipotoka tulikuwa tumefaulu wote wawili, mimi kwa kuponea chupuchupu. Recheli hakufurahi. Alisema lazima amwambie mzee mwenyewe, kabla hajakanyaga uani. Nikamsindikiza hadi Puge. Umbea ninao, sikatai, lakini niliogopa pia asije akarudishwa kwao peke yake.

Alipiga magoti njiani, nje ya ua. Mzee akatoka, mkewe nyuma yake.

"Mwangaluka, baba," Recheli akamwamkia kwa kilugha chao.

"Ingia, jua kali hilo."

"Siingii, baba. Nimefaulu, leseni naipata. Lakini nimekutaja. Kwa sauti, mbele za watu."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee aligeuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Majirani wakaanza kuchungulia. Recheli hakuinuka, na mimi nikaanza kumtafutia mzee yule matusi, nikayapata mengi.

Mlango ukafunguka. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Akampita mkewe, akaja hadi ukingoni mwa ua, akawageukia majirani. Nikajua anawaita washuhudie Recheli akifukuzwa. Mwiko ule ulimbana na yeye: tangu Recheli aolewe pale, mzee hakuwahi kumtaja, alimwita mama Gerson tu. Sasa akakohoa, akapaza sauti hadi nyumba za mbali:

"Recheli binti Mathias!"

Nikamfinya Recheli bega, aitike.

"Abee, baba."

"Umenitaja, nimekutaja. Hakuna anayemdai mwenzake," mzee akasema. "Inuka uingie ndani, umwangalie mama yako huyu. Kifua kinambana tangu juzi."