Kuku Ndani ya Buti

Sisi ni wamisionari kutoka Ufini, na hapa Migori bado ni wageni. Jumapili tulimtembelea Mama Akinyi, muumini wetu wa Ogwedhi, akatulisha mpaka tukashindwa kuinuka. Tulipofika nyumbani nikafungua buti ya gari: kuku hai, amefungwa miguu! Nikachanganyikiwa. Kisha nikamshuku binti yangu Elina, mpenda wanyama. Alikana, akalia, lakini pasta mzima nilee mwizi? Nikageuza gari mpaka Ogwedhi, nikamwamuru apige magoti mbele ya majirani, aombe msamaha.

Mama Akinyi akamtazama kuku, akanitazama mimi.

“Yawa, Pasta! Huyo niliwawekea mimi mwenyewe, zawadi yenu. Sasa mnanirudishia, kwani ana ubaya gani?”

Elina akaniangalia, bado amepiga magoti. Nami nikapiga yangu, kando yake.