Vinundu vya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alikuwa na vinundu vya manjano kwenye viwiko, magoti na nyuma ya visigino tangu utotoni. Havikumuuma. Shuleni Nyansurura walimcheka, akazoea kuvaa sweta hata jua likiwaka. Alipofika kidato cha pili alianza kusimama njiani akitoka kuchota maji, mkono kifuani.

"Kinabana," alisema, "kama mtu amenikalia."

Mama alidhani ni vidonda vya tumbo. Hospitalini Mugumu walimpima, wakatupa rufaa ya Mwanza.

Daktari wa huko, mama wa makamo, alivishika vile vinundu kimoja kimoja. Akatueleza kwamba ni mafuta. Mwili wa mtoto huyu haukuweza kuyaondoa kwenye damu, nayo yalikuwa yameziba mishipa inayoulisha moyo. Ugonjwa wa nadra, wa kurithi.

"Ameupata kwa baba na kwa mama, wote wawili," alisema. Akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla.

"Mdogo wangu wa kiume," alisema baba. "Alianguka shambani akilima kwa ng'ombe. Alikuwa bado kijana."

Tulipomzika baba mdogo, ukoo ulisema amerogwa na mkewe. Mama mdogo akafukuzwa pamoja na watoto, akarudi kwao Robanda. Baba alikuwa mmoja wa waliomfukuza.

Dawa tulipewa, lakini daktari hakutuficha kwamba tumechelewa. Mdogo wangu alifariki kabla ya mavuno ya mtama, ameketi mlangoni akichambua maharage. Mama alikuwa akiongea naye. Alidhani amesinzia.

Msiba ulipokwisha, baba aliniomba nimsindikize Robanda. Mama mdogo alikuwa anaanika muhogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Baba alimweleza yote, akirudia maneno ya daktari kama alivyoyashika.

"Kwa hiyo ilikuwa damu yenu," alisema mama mdogo.

"Ndiyo, shemeji. Ilikuwa yetu. Watoto nao wapimwe."

Aliendelea kugeuza vipande vya muhogo. "Wanangu wamekua wakiitwa watoto wa mchawi. Leo ndiyo unawakumbuka."

Hatukukaribishwa ndani, na hatukungoja kukaribishwa.

Mimi nilipimwa, nikakutwa na ugonjwa huo, ingawa si mkali kama wa mdogo wangu. Kila jioni nameza kidonge. Watoto wa mama mdogo sijui kama walikwenda kupimwa.