Karkade Baridi ya Hajati Zannuba

Kwa miaka thelathini na miwili Hajati Zannuba aliuza karkade katika soko la Aswan, kusini mwa Misri, na hakuna mgonjwa wa presha aliyepita mbele ya magunia yake akaondoka bila mawaidha. "Ya baridi inashusha, ya moto inapandisha," alisema, huku akiyachota yale maua makavu ya rosela ya kutengenezea kinywaji, kwa majivuno ya mtu aliyeyaumba yeye. Mzee Shazli, mwenye duka la jirani, aliwaambia wateja wake maneno yale yale, ila kwa sauti ya chini, maana hakujaliwa kifua cha Hajati.

Kilichomwudhi Hajati ni kwamba presha yake mwenyewe haikuwa na habari na mawaidha hayo. Mtoto wa jicho alikwisha kulifunika jicho la kushoto, na la kulia lilianza kuingia ukungu. Mwezi uliofuata wakulima wangeleta mavuno mapya, na karkade huchaguliwa kwa macho: nyekundu iliyoiva huku, iliyopauka kule. Asiyeona huuziwa takataka. Daktari wa macho alikuwa tayari kumpasua, lakini si kwa presha iliyozidi mia na sitini.

Mara ya kwanza alikutwa na mia na tisini, akarudishwa nyumbani. Mara ya pili alikunywa jagi zima la karkade baridi kabla ya kutoka, akakutwa na mia na themanini na tano.

"Mashine yenu mbovu," alisema.

"Mashine nzima, Hajati," alijibu nesi Demiana. "Vidonge unakunywa?"

"Nakunywa karkade."

"Sijauliza hiyo. Na jana mchana ulikula nini?"

"Maluha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Hajati alijifanya kutengeneza ushungi. Samaki yule wa chumvi alikuwa amemla mpaka akalamba bakuli, na achari juu yake.

"Sikia, mama yangu," alisema Demiana. "Ile rangi nyekundu ya karkade inaisaidia mishipa, kweli, lakini kidogo. Ya moto, ya baridi, tumboni zote zinakuwa vuguvugu. Kidonge hakina mbadala."

Hajati alirudi sokoni amevimba kwa hasira. Vidonge alikuwa navyo, vimelala chini ya mizani tangu mwaka jana. Muuza karkade akimeza vidonge vya presha si sawa na mwoka mikate anayenunua mkate kwa jirani? Alimsimulia Shazli, akitegemea wamtukane nesi pamoja. Shazli alikohoa, akatazama huku na huku, kisha akatoa pakiti mfukoni.

"Kila asubuhi kimoja," alinong'ona. "Mwaka wa nane huu."

"Wewe! Mnafiki mkubwa wewe!"

"Mnafiki, sawa. Lakini naona mpaka ng'ambo ya mto. Wewe unaona nini, Zannuba?"

Jioni ile Hajati alimeza kidonge chake cha kwanza, mlango umefungwa, akakishushia na karkade ili isione wivu. Maluha aliiaga kwa machozi, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Wiki tatu baadaye alikaa kwenye benchi la hospitali, mkono umefungwa kwenye mashine. Chumba kilijaa watu wa sokoni.

"Mia na thelathini na nane!" alitangaza Demiana. "Daktari anakungoja."

Benchi zima lilipiga makofi. "Karkade ya Hajati hiyo!" alipaza sauti Mama Rajih, mwanamke mnene aliyekuwa mteja wake wa kila wiki. "Nilisema mimi! Vidonge vyangu vyote nilivitupa tangu Ramadhani kwa ajili yako, Hajati, Mungu akuweke. Siku hizi nakunywa ya baridi tu. Hiki kichwa kinachoniuma ni jua."

Watu walicheka. Hajati hakucheka. Aliona haya hadi masikio yakawaka moto, na nyuma ya haya ikaja hofu. Angeweza kuingia ndani kimya, na sifa zake zikabaki salama. Mlango ulikuwa wazi, hatua nne tu.

"Ni vidonge," alisema.

"Eti nini?"

"Ni vidonge, Mama Rajih. Karkade nakunywa, ndiyo, lakini kilichonishusha presha ni vidonge. Nilikudanganya. Nilijidanganya mwenyewe, nikakuponza na wewe."

"Miaka yote hiyo, Hajati?"

"Miaka yote." Alifungua mashine mkononi mwake, akajisogeza kwenye benchi, akamvuta yule mama akae. "Demiana, mpime huyu."

"Hajati, daktari anangoja! Ukikosa zamu sasa ni mpaka Jumapili, na ukikaa hapa na jazba hiyo, presha itapanda tena."

"Ipande. Mpime."

Mashine ilinguruma, ikakaza, ikalegea. Demiana aliitazama namba, hakuisoma kwa sauti. Alimshika Mama Rajih begani na kumwita daktari mbiombio.

Hajati alibaki kwenye benchi, moyo ukimdunda hadi shingoni, na akaanza kumhesabu kwa vidole kila mtu aliyewahi kumpa ushauri ule wa karkade.