Jani la Isale Mkutanoni

Philemoni Kaaya hakuweza kutulia kitini. Mara avute tai, mara atazame mlango, mara afute viatu nyuma ya suruali, utadhani vumbi la kijijini kwake Akheri limemfuata hadi mjini kuja kumuumbua. Wakutubi wenzake kutoka jimbo zima walikuwa kimya katika ukumbi ule wa Arusha, wanaandika kila neno la Misi Harlow, Mwingereza aliyekuwa mkaguzi wa maktaba. Karatasi ya Philemoni ilikuwa nyeupe.

Kazi aliianza mwaka huohuo, na huu ulikuwa mkutano wake wa kwanza. Ungedhani angefurahi. Angefurahije, na mchana kila mkutubi alitakiwa kusimama aeleze faini alizotoza kwa vitabu vilivyocheleweshwa? Asubuhi Misi Harlow alikwisha kusema wazi: maktaba isiyofuata sheria itanyang'anywa sanduku lake la vitabu, lipelekwe pengine. Na Philemoni hakuwa amemtoza mtu hata senti.

Si kwa uzembe. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa Mmeru. Huko Akheri mtu akichelewesha kitabu alikuja na jani la isale mkononi, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa mashamba. Ukiletewa isale umeombwa radhi, na kulikataa ni balaa, hata kama anayelileta alikuchomea nyumba. Sasa nani angemkatalia bibi Ndeshi, aliyekaa na kitabu kwa sababu wajukuu walikuwa hawajamaliza kumsomea? Kitabu kilirudi, isale likaja, Philemoni akapokea, yakaisha. Wengine wakaiga, kwani nani hapendi njia nyepesi?

Wakati wa chai hakunywa. Alitoka, akakata njia mpaka upande wa Sekei, anazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Huko akaona ua mzima wa isale kando ya migomba. Mbona hakuwaza mapema? Akapiga hodi, akamwomba mama mwenye nyumba jani moja changa. Yule mama alimpa bila kumhoji, maana anayeomba isale ana shida yake.

Langoni mwa ukumbi alimkuta Lomayani, mkutubi wa Kiarusha aliyekaa naye benchi moja.

"Unampelekea nani hilo?"

"Misi."

"Ndugu yangu! Hata sisi tuna nyasi. Ukishika nyasi mkononi, ugomvi umekwisha. Lakini Mzungu? Huyo ukimpa hata malisho mazima atakuuliza ng'ombe wako wapi."

"Radhi ni radhi," Philemoni akajibu, akapita.

Misi Harlow alikuwa bado na kikombe chake. Philemoni akainama, akamtolea jani kwa mikono miwili.

"Misi, naomba upokee."

"Oo, asante sana! Zuri sana hili." Akalipokea, akalichomeka kwenye utepe wa kofia yake, akatabasamu.

Umewahi kutua mzigo wa kuni baada ya kupanda mlima? Ndivyo Philemoni alivyojisikia. Aliyepokea isale amesamehe. Hakuna Mmeru asiyejua hilo, na kwa furaha yake alisahau kabisa kwamba Misi Harlow si Mmeru. Alirudi kitini, akakaa bila kuhangaika kwa mara ya kwanza siku ile. Zamu yake ilipofika alisimama wima.

"Akheri hatujatoza faini," akasema. "Watu wakichelewa huja kuomba radhi, nami huwasamehe."

Ukumbi mzima ukacheka. Misi Harlow hakucheka. Alisema, kwa upole, kwamba anawapenda watu wakweli, lakini sheria ni sheria. Sanduku la Akheri litachukuliwa wiki ijayo. Jani lilitikisika kwenye kofia kila alipotamka neno.

Kwanza Philemoni aliona aibu. Kisha zikaja hasira, hasira hasa. Si amepokea? Si amepokea mbele ya macho yangu? Akamgeukia Lomayani, akitegemea kuchekwa. Lomayani alikuwa ameinamisha kichwa, na hilo lilimuuma zaidi.

Hotuba zilizofuata hakuzisikia. Alikunja karatasi yake tupu, akaikunjua, akaikunja tena. Mkutano ulipofungwa na watu wakaanza kutoka, alikwenda moja kwa moja mezani kwa mkaguzi.

"Misi, naomba jani langu."

"Hili?" Misi Harlow akagusa kofia. "Nilidhani ni zawadi."

"Si zawadi, Misi. Kwetu ndivyo tunavyoomba radhi. Nilikuwa nakuomba utusamehe zile faini."

Mama wa watu akawa mwekundu. Akaivua kofia, akaiweka mezani.

"Sasa unalitakia nini?"

"Nakwenda kuwaomba radhi watu wa Akheri. Nimewapotezea vitabu vyao."

Misi Harlow akaanza kulichomoa jani. Katikati akasita.

"Na kama nisingelirudisha?"

"Basi ungekuwa umetusamehe, Misi."

Akalitazama jani lile, mkono ukiwa juu ya kofia. Kisha akalichomoa, akamrudishia.